Mahindi ku shingo: azabu yenye haina muamuzi



Wiki iliyopita, mu grupe moja ya wazamani wa fakilte, mtu alituma video. Sekunde 40 tu. Kijana amekaa chini ku vumbi, kifua wazi, mikono imefungwa nyuma, telefone tatu zimepangwa mbele yake. Sauti ya mtu asiyeonekana inamuuliza: "Sema jina yako! Sema kwenu ni wapi!" Anasema. Nyuma watu wanacheka. Chini ya video wenzetu, watu wenye diploma kama mimi, waliandika: "Muzuri sana." "Bamuchome." "Sura yake ijulikane mu muji muzima."

Sikuandika kitu. Si juu niko mtu mwema kuliko wengine. Ni juu mu telefone yangu mulikuwa video ingine ya namna ile ile, na ile niliipiga mimi mwenyewe.

Acha niwaelezee.

Ilikuwa Februari 2024. Nilikuwa ninasimamia shamba ya mahindi ya hektari 12, upande wa barabara ya Kasenga. Wenye kukaa Lubumbashi wanakumbuka ule musimu. Mvua ilikatika katikati, Zambia wenyewe walitangaza ukame kuwa hatari ya taifa nzima, na unga ikapanda bei ku masoko yetu, sababu sehemu kubwa ya mahindi na unga tunayopikia bukari hapa inatoka kule. Mwezi wa pili ni mwezi wa njala hata mu mwaka muzuri: akiba ya mwaka uliopita imeisha, na mahindi mapya bado haijakauka. Njo wakati mahindi mabichi yanaibiwa. Kila asubuhi tulikuta mistari mizima imevunjwa.

Usiku moja ba zamu wakakamata mtu. Hakuwa bandi wa bunduki. Alikuwa mwanaume wa kijiji cha jirani, baba ya watoto, mwenye aliwahi kupalilia kwetu kama kibarua. Mu mufuko wake mulikuwa mahindi 60 hivi. Mashaka haikuwa: aliiba, na mwenyewe alikubali. Ninasema hii wazi tangu mwanzo, juu mara nyingi wenye kulaumu mambo hii wanachagua mfano wa mtu asiye na kosa, na ile ni kazi nyepesi. Huyu alikuwa na kosa.

Tulikuwa na njia mbili: polisi, ao shefu wa kijiji. Muzee mmoja wa ba zamu akasema: "Patron, ukimupeleka ku polisi utalipa transport, utalipa karatasi, na kesho utamukuta mu njia anakusalimia. Tumupatishe haya, njo atakoma." Wote tuliona ni hekima. Wakamufunga mahindi ku shingo kama shanga, wakamutembeza kutoka shamba mpaka ku soko, karibu kilometa moja na nusu. Watoto walifuata, wanapiga masufuria, wanaimba: "Mwizi! Mwizi!" Mimi nilitembea nyuma na telefone mu mkono. Nilikuwa ninacheka. Ile video nikaituma mu grupe mbili. Jioni ikanirudilia kutoka kwa mtu nisiyemujua, imewekewa muziki.

Yenye ilifuata kiisha niliisikia polepole, kwa kinywa cha mama mmoja mwenye alikuwa anapalilia kwetu. Yule baba iko na binti mudogo. Ku masomo wenzake wakaanza kumwita "Mwana wa Mahindi", na mbele ya Pasaka akakataa kurudi. Bibi yake alikuwa anauza nyanya ku lile soko. Wanunuzi wakaanza kumuuliza, kwa kicheko, kama nyanya zimetoka shamba ya nani. Akaacha. Mwenyewe alijifungia mu nyumba wiki mbili, kiisha akapotea. Wanasema alienda kuchimba upande wa Kolwezi. Ule mama aliniambia maneno yenye hayajanitoka: "Bwana agronome, yeye mulimuhukumu siku moja. Bibi yake anahukumiwa kila siku."

Na wizi, je? Hapa acha niongee kama mtu wa kazi yangu. Wenzangu wa agronomie wanajua: ukitaka kusema mbolea fulani inafaa, unaacha sehemu moja ya shamba bila ile mbolea. Tunaiita "shahidi". Bila shahidi, unaweza kuvuna muzuri na kusifu mbolea, kumbe ilikuwa mvua. Watu wa shamba letu walisema: "Unaona, tangu siku ile wizi umepunguka." Nilipofungua kayee yangu ya hesabu, niliona wizi uliendelea mpaka mahindi yalipoanza kukauka. Ulipunguka wakati ule, kama unavyopunguka kila mwaka, juu mahindi makavu haishomwi. Musimu uliofuata tulibadilisha mambo: tulilipa ba zamu ku tarehe yake, tuliwapa vibarua sehemu ya malipo kwa mahindi, na tulikubaliana na shefu kwamba kiisha mavuno watu wa kijiji wanaweza kuokota yaliyobaki. Wizi ulikuwa kidogo. Lakini hapa pia sikuwa na shahidi, tena mvua ilikuwa nzuri, kwa hiyo sitajisifu. Ninasema tu: wale wenye kuapa kwamba haya inakomesha wizi, waulize shahidi wao iko wapi.

Mambo hii ya kuazibu mtu mbele ya macho ya watu haikuanzia ku shamba letu. Mu muji wetu ilichorwa zamani. Wazee wetu wa miaka ya 1970 walikuwa wanatundika ku salon picha yenye kuitwa "Colonie belge 1885-1959". Wachoraji wengi wa Lubumbashi waliifanya, na mwenye kujulikana sana ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa hapa, wakati muji bado unaitwa Élisabethville, mwaka 1947. Karibu picha 100 zake juu ya historia ya inchi zilikusanywa hapa na Johannes Fabian, mu miaka ya 1973 na 1974, na zikatoka mu kitabu mwaka 1996. Mu "Colonie belge" unaona uwanja wa gereza. Mfungwa amelala kifudifudi, suruali imeshushwa. Askari mweusi anamupiga fimbo, ile chicotte. Muzungu amesimama anaangalia kama hesabu inafuatwa.

Kwa miaka mingi niliangalia mwenye kupigwa na mwenye kupiga. Kiisha ile siku ya soko, nilipoiona tena mu kitabu, niliangalia wengine: wafungwa wenye wanangojea ao wanafanya kazi, na wanamuke wenye wamekuja kuleta chakula. Wale njo somo linawatafuta. Fimbo inaanguka ku mwili wa mtu moja, lakini imekusudiwa macho ya wote. Kama ilikuwa tu kumuumiza yule, wangeweza kumupigia ndani, mlango umefungwa. Walimupigia mu uwanja ili kila mtu arudi nyumbani akijua nafasi yake. Fimbo ilifutwa mu magereza mwaka 1959, mwaka moja mbele ya uhuru. Uwanja ulibaki.

Na mbele ya kusema kwamba ni mambo ya Wazungu tu, tukumbuke Pentekoste ya 1966. Mobutu alikuwa amekamata utawala Novemba 1965. Mwisho wa Mei 1966 wakubwa wanne wakakamatwa: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Kimba ni mtu wa kwetu Katanga. Alikuwa ministre wa mambo ya inje wakati wa Tshombe, kiisha Kasa-Vubu akamuweka waziri mkuu mu Oktoba 1965. Tribinali ya kijeshi ikamaliza kesi yao mu muda mufupi kuliko somo moja ya oditware. Tarehe 2 Juni wakanyongwa mbele ya watu zaidi ya 50.000. Watu waliitwa kuja kuona. Leo stade kubwa ya Kinshasa inaitwa Stade des Martyrs de la Pentecôte, juu yao. Wale walioletwa mbele ya umati kama wasaliti, inchi inawaita mashujaa. Umati ulikuwa mukubwa sana, lakini ukubwa wake haukuufanya uwe tribinali.

Sasa turudi Lubumbashi ya leo. Kila mtu hapa ameona hii picha ku televizyo ao ku telefone: uwanja mbele ya bureau ya guverneri, ya meri ao ya polisi. Vijana 10 ao 20 wamekalishwa chini, wengine bila viatu, wamefungwa mbili mbili. Mbele yao bunduki, mapanga, televizyo, mapikipiki. Komisere anasoma majina. Mukubwa anatoa maneno makali. Wenye kamera wanakaribia, wanapita sura moja moja. Kiisha wote wanapandishwa mu kamyo. Inaitwa "présentation". Habari ya jioni inasema "mabandi". Haisemi "watu wenye kushukiwa".

Tujiulize swali nyepesi: wakati ule, tribinali gani imekwisha kuwahukumu? Mara nyingi hakuna. Na kama kiisha miezi muamuzi anaachilia mmoja wao juu hakuna ushahidi, hakuna présentation ya pili. Sijaona siku hata moja mukubwa akiita kamera na kusema: "Huyu tulikosea. Mumuangalie sura muzuri, hana kosa." Sura inatolewa haraka, lakini hairudishwi.

Nilienda kusoma sheria, kwa kuwa rafiki yangu wa droit alinichekelea akasema sisi ba agronome tunaongea kwa moyo. Basi nilisoma. Kode Penali yetu, article ya 5, inapanga azabu zote zenye tribinali inaweza kutoa: kifo, kazi za nguvu, kifungo, amande, kunyanganywa vitu, kufukuzwa mu sehemu fulani, kulazimishwa kukaa mu sehemu fulani, kuwekwa chini ya macho ya serkali. Ni hizo. Kupatishwa haya mbele ya kamera haimo. Article ya 74 ya ile Kode inaenda mbali zaidi: inaazibu mwenye, kwa nia mbaya na mbele ya watu, anamubandika mwenzake kitendo chenye kinaweza kumuharibia heshima ao kumutupa mu zarau ya watu. Kwa hiyo, kitu tunachokifanya kama azabu, kitabu cha azabu kinakihesabu upande wa makosa.

Katiba ya 18 Februari 2006 nayo iko wazi. Article ya 16 inakataza kumutendea mtu mambo ya kumushushia utu. Article ya 17 inasema mwenye kushitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Tena inasema kosa ni la mtu mwenyewe, hakuna mwenye kuazibiwa juu ya kitendo cha mwingine. Niliposoma ile sehemu ya mwisho nilifunga kitabu kidogo. Ule binti wa "Mwana wa Mahindi" aliiba nini? Article ya 18 inasema mtu akiwa amefungwa, afya yake na heshima yake vinachungwa. Na article ya 20 inasema kesi zinasikilizwa mbele ya watu wote, isipokuwa kama kuna hatari kwa amani ao kwa adabu.

Hii ya mwisho ni ya maana sana, juu wengine wanazani mimi ninaomba mambo ifanyike mu siri. Hapana. Kesi inapaswa kuwa wazi. Ila wazi ya tribinali na wazi ya uwanja si kitu kimoja. Ku tribinali mwenye kushitakiwa anasimama na kujibu. Iko na avoka. Mwenye kuibiwa naye anaongea. Shahidi anaulizwa maswali. Mwishoni kunatoka namba: miaka kazaa, franka kazaa, na haki ya kupinga kwa tribinali ya juu. Ku uwanja, mtu anaonyeshwa, haongei. Ao akiongea ni kusema jina yake na kwao. Na azabu haina namba. Sisi ba agronome hatuuzi dawa bila kuandika ku chupa: dozi fulani kwa hektari, siku fulani mbele ya kuvuna. Haya ya uwanja ni dawa bila karatasi. Mwizi wa mahindi 60 na mwuaji wanapata dozi moja, na hakuna mwenye kujua itaisha lini.

Kuko kitu kingine tusifiche. Hii azabu inachagua watu. Tarehe 2 Septemba 2025, Cour de cassation ilimuhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa ministre wa Justice, miaka 3 ya kazi za nguvu, juu ya feza ya kujenga gereza Kisangani. Ilikuwa mamilioni ya dola. Aliitwa, alijibu, alikuwa na ba avoka, na kesi yake ilifuatwa na inchi nzima. Ninaona ni muzuri. Njo vile inapaswa kuwa. Hakuna mwenye alimufunga matofali ku shingo na kumutembeza mu avenyu. Basi kwa nini wa mahindi 60 asipate ile heshima? Ukiangalia wale wa présentation, utaona viatu vyao, ao utaona hawana viatu. Ni watoto wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Annexe. Hujaona mule mwenye gari.

Si inchi yetu tu. Mei 2011, New York, Dominique Strauss-Kahn, mukubwa wa FMI, alipitishwa mbele ya kamera na pingu. Ufaransa watu walikasirika, juu sheria yao ya 15 Juni 2000 inakataza kutangaza bila ruhusa picha ya mtu mwenye pingu kama bado hajahukumiwa. Agosti ya ule mwaka mashitaka yalifutwa, lakini ile picha mpaka leo unaipata mu sekunde moja. Desemba 2021, mu muji wa Jingxi, China, polisi walitembeza watu wanne mu njia, wamevalishwa nguo nyeupe za kujikinga na virusi, picha za sura zao zimefungwa ku kifua, juu ya mashaka kwamba walivusha watu mupaka wakati wa COVID. China ilikuwa imekwisha kukataza mambo ya namna ile miaka mingi, na hata magazeti ya kule yalilaumu. Inaonyesha kwamba hamu hii haina kabila. Kila inchi inaijua, na kila inchi inahitaji kujizuia.

Najua mwenye anasoma hii anasema: "Weye unaongea vile juu hawajakuingilia." Bandugu, waliingia kwetu. Ilikuwa mwaka 2022, saa nane ya usiku. Walivunja mlango, wakatufunga, wakachukua televizyo, telefone, feza ya masomo ya mudogo wangu. Mama yangu walimupiga kofi. Wiki tatu kiisha, ku televizyo ya jirani, kukapita présentation. Mama akasogea karibu na ekra, akatafuta sura. Hakumujua hata mmoja, sababu wale walioingia kwetu walikuwa wamejifunika. Lakini ule usiku alilala muzuri, mara ya kwanza. Ile usingizi ninaielewa na siwezi kuicheka. Watu wa muji huu wanalala na hofu. Wanazani, na hawakosei sana, kwamba mtu akiingia Kasapa kuna mlango wa nyuma kwa mwenye feza. Sisi tuliosoma UNILU tunajua neno Kasapa liko na maana mbili. Ukisema uko Kasapa, mtu anauliza: ya masomo ao ya buloko? Ile ya buloko ilijengwa kwa watu 800 hivi, na inabeba zaidi ya mara mbili, wengi bado wanangojea kesi. Mu hali ile, présentation inaonekana kuwa njo haki peke yenye tunaweza kuiona kwa macho.

Lakini niulizeni kiisha ile usingizi tulipata nini. Hatukuitwa kama mashahidi. Hatukuonyeshwa vitu vilivyokamatwa ili tuangalie kama televizyo yetu imo. Hatukusikia tarehe ya kesi. Hatujui nani alihukumiwa, nani aliachiliwa, nani hakuwa na kosa. Walituonyesha sura, tukashiba, tukaacha kuuliza. Njo lawama yangu kubwa juu ya hii azabu, kuliko zote: inatupa ladha ya haki, na kwa ile ladha tunasahau kuomba chakula chenyewe. Mkubwa akisha kuonyesha vijana 20 ku uwanja, kazi yake imeonekana. Nani atamuuliza miezi sita kiisha kesi zilifika wapi?

Ku shamba letu ilikuwa vile vile. Kama tungemupeleka ku shefu, yule baba angekaa mbele ya wazee, angeulizwa juu ya nini, angesema njala, ao angesema tamaa, na wangemukata: arudishe kitu fulani, apalilie siku fulani. Shamba ingepata haki yake. Vile tulivyofanya, hakulipa hata hindi moja. Angelipa namna gani? Tulimukimbiza. Mwenye shamba alipoteza mahindi, na tena alipoteza kibarua muzuri.

Sikatai haya. Mtu asiye na haya ni hatari, wazazi wetu walitufundisha vile, na mimi nitafundisha watoto wangu vile. Mwaka 1989 mwalimu mmoja wa Australia, John Braithwaite, aliandika kitabu juu ya makosa na haya, na wazo lake linaweza kusemwa kwa maneno ya kijiji: kuko haya yenye inamurudisha mtu, na kuko haya yenye inamufukuza. Ya kwanza inasema: "Hii ulifanya ni mbaya, na weye ni wetu, kaa hapa uitengeneze." Iko na mwisho, siku moja wazee wanakula pamoja na weye na mambo imeisha. Ya pili inasema: "Weye ni mwizi." Haina mwisho, kwa kuwa haiongei juu ya kitendo, inabadilisha jina ya mtu. Na mtu mwenye amepewa jina ya mwizi mbele ya kijiji kizima, nani atamupa kazi? Atakula nini? Tunamufungia milango yote ya kazi, kiisha tunashangaa akirudi kwa dirisha.

Kwa hiyo, tunaomba nini? Si mambo ya ndoto. Polisi waonyeshe vitu, si sura: wapange televizyo na mapikipiki, watu waje na karatasi zao waangalie. Mwenye kukamatwa ku kitendo, sheria ya 24 Februari 1978 juu ya makosa ya flagrance inaruhusu kesi ya haraka. Ifanywe mbele ya watu, na avoka, na mwenye kuibiwa aitwe. Wajurnalisti warudi siku ya hukumu, si siku ya kamyo tu. Na wakitangaza sura siku ya kwanza, watangaze pia siku ya kuachiliwa, kwa ukubwa ule ule. Kwa makosa madogo ya kijiji na ya kartie, shefu na wazee wako. Tuwarudishie kazi yao, bila telefone.

Na sisi, watu wa page hii? Sisi tuna telefone, na sisi njo umati wa leo. Uwanja wa "Colonie belge" ulikuwa na ukuta, wetu hauna. Zamani mtu alipigwa Likasi, akahamia Lubumbashi, akaanza upya. Leo haya inafika Kolwezi mbele yake.

Mwaka jana nilienda kumuona ule mama wa nyanya. Nilichukua mufuko ya unga ya kilo 25, nikaomba samahani. Aliipokea unga, alisema asante, hakunikaripia. Kiisha akauliza kitu kimoja tu: "Ile video, unaweza kuitosha?"

Nilimuonyesha telefone yangu, nikaifuta mbele yake. Akaangalia, akatikisa kichwa. "Hapana ya kwako," akasema. "Ile yenye iko kwa batu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtu akikutumia ingine, kumbuka ule mama mbele ya kubonyeza.